MTOTO MTU MZIMA ANAPOSHIKWA NA SARATANI

  Imetufikia barua ya mmoja katika wanaohudhuria darasa letu la baada ya Maghribi, naye ametaka jibu liandikwe humu ili wanufaike na wengine.

Kwa ufupi asema hivi. Ana mtoto wa kiume wa miaka 34, mwenye mke na watoto wawili. Kwa muda wa miezi alikuwa akiona damu chooni na mwili ukimpungua, naye akidhani ni bawasiri. Alipopimwa ikaonekana kuwa ni saratani ya utumbo mpana. Madaktari wataka apasuliwe, kisha atiwe dawa za mishipani. Daktari aliwaeleza baba mtu na kaka yake, nao kwa kumhurumia wakamwambia mwenyewe kuwa ni kidonda cha tumbo tu. Sasa amehamia kwa wazee wake pamoja na mkewe na watoto. Nyumba imegawanyika. Nyanya yake asema uvimbe wa namna hii ukiguswa na chuma hutapakaa, afadhali apelekwe kwa mganga. Mama mtu hulia jikoni usiku, na shoga zake wamwambia kuwa kulia ni kutoiridhia kadari. Na arusi ya binti mdogo wa nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kupangwa. Auliza: Je, yafaa kuendelea kumficha? Na ni lipi limpasalo mzazi kwa mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima?

Jibu. Ndugu yetu, twamwomba Mwenyezi Mungu amponye mwanao na awatie subira nyinyi nyote. Tutaanza na lile la kuficha, kwa kuwa mengine yote yameegemea juu yake.

Kwanza na tulitaje gonjwa kwa jina lake. Wako watu katika miji yetu hawathubutu kulitaja, husema “ugonjwa ule” kwa sauti ya chini, kana kwamba likitajwa litaingia mlangoni. Saratani kwa Kiarabu ni kaa, yule mdudu wa pwani, kwa kuwa matabibu wa kale waliiona mishipa iliyouzunguka uvimbe huo imetanda kama miguu ya kaa. Wala si maradhi mapya yaliyoletwa na Wazungu, kama tusikiavyo barazani. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 428 wa Hijra (1037), ameyaeleza katika kitabu chake cha Qanun. Wala hayaambukizi kwa kikombe wala kwa sahani wala kwa kulala chumba kimoja, basi yule aliyemtengea mgonjwa wake gilasi ya peke yake amemtia huzuni bure.

Sasa tuliangalie hilo la kumficha. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho wanafunzi wa fiqhi wa pwani hii wamekisoma kizazi baada ya kizazi, imo masala ya sil'a, nao ni uvimbe unaoota mwilini, ambao washereheshaji wamesema huwa tangu kadiri ya punje ya dengu mpaka kadiri ya tikiti. Hukumu iliyotajwa hapo ni kwamba mtu mzima mwenye akili yake, mwenye kujimiliki nafsi yake, yeye ndiye mwenye haki ya kuukata uvimbe huo au kuuacha, kwa kupima ni lipi lenye hatari zaidi, kuukata au kuubakisha. Ama baba, yeye hupewa haki ya kuamua kwa mtoto aliye mdogo na kwa mwendawazimu, si kwa mwingine. Na mtu akimkata mwenziwe aliye mzima pasi na idhini yake, naye akafa, wanavyuoni wamelijadili jambo hilo katika milango ya kisasi. Tazama basi uzito wa jambo hili: vipi utataka idhini ya mtu juu ya utumbo wake mwenyewe na hali umemwambia kilichomo ni kidonda? Idhini iliyotolewa juu ya uwongo si idhini. Mwanao ana miaka 34. Amekwisha kuoa na kuzaa na kufanya biashara na kuwa imamu wa watu wake nyumbani. Maradhi hayakumrudisha kuwa mtoto mchanga, hata kama amerudi kulala katika chumba chake cha utotoni na mama yake ndiye anayempelekea uji.

Wala haki hii si ya mwili peke yake. Mtu mzima huwa na madeni aliyowakopesha watu na aliyokopa, huwa na amana za wenzake, huwa na talaka au ahadi baina yake na mkewe, huwa na swaumu alizokuwa akidaiwa. Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi ya Ibn Umar iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa Mwislamu mwenye kitu cha kuusia hastahiki kulala siku mbili ila wasia wake uwe umekwisha kuandikwa. Hilo ni kwa mwenye afya, sembuse aliyeko kitandani! Na ijulikane ya kuwa sharia imeuwekea ugonjwa wa kuhofiwa mauti hukumu zake mbali: akitoa zawadi au sadaka katika maradhi hayo, kisha akafa nayo, hayo huhesabiwa katika thuluthi ya mali yake, na asichoweza ni kumpendelea mmoja wa warithi wake bila ya ridhaa ya wengine. Mtu ambaye hajui kuwa yuko katika hali hiyo, ataupanga vipi mwenendo wa mali yake? Mwafikiri mmemwepusha na huzuni, kumbe huenda mmewaachia mkaza mwana wenu na mayatima ugomvi wa miaka kumi mbele ya Kadhi. Na baba na mama ni warithi, kila mmoja ana sudusi yake pindi maiti akiacha watoto. Msije mkasemwa kesho kuwa mlinyamaza kwa maslahi yenu.

Hatusemi aamshwe usingizini aambiwe kuwa atakufa. Hilo si kweli, wala halijui mtu. Saratani ya utumbo ikiwahiwa huweza kukatwa ikaondoka, na wako watu wengi wanaoishi miaka baada yake. Aketi naye baba yake, faragha, mkewe akiwapo ikiwa mwenyewe ataka, na daktari awepo au awe karibu. Aulizwe kwanza: “Mwanangu, wataka nikwambie yote aliyosema daktari?” Ikiwa atasema hataki, na kwamba baba au mkewe asimamie, hiyo nayo ni haki yake, wala asilazimishwe. Ikiwa atataka, aelezwe kidogo kidogo kwa kadiri anavyouliza. Imepokewa hadithi yenye kuagiza kuwa mgonjwa apewe matumaini ya umri anapozuriwa. Mapokezi yake ni dhaifu lakini maana yake ni njema, nayo ni matumaini, si uwongo. Na mara nyingi, jueni, mgonjwa huwa amekwisha kujua. Huyaona macho ya watu wanaoingia. Amekaa peke yake na siri ambayo nyumba nzima yamficha naye aificha nyumba nzima, na hayo ni mateso yasiyo na thawabu.

Ama lile la nyanya yake, na aambiwe kwa adabu, kwani yeye ni mzee wetu na maneno yake yametoka katika mapenzi. Kisu hakiitapakazi saratani. Sababu ya watu kudhani hivyo ni kuwa wengi wetu hufika hospitali wamechelewa, gonjwa limekwisha kufika maini au mapafu, tumbo likafunguliwa, mgonjwa akafa baada ya wiki chache, basi jamaa wakasema chuma ndicho kilichomwua. Na kwa nini walichelewa? Walikuwa wakihangaishwa! Huyu amesema karogwa, yule amesema ni jicho la jirani, wa tatu ametaka mbuzi mweusi, na kila mmoja ametwaa fedha zake na mwezi wake. Kumwendea mpiga ramli na kumsadiki ni jambo alilolionya Mtume (s.a.w.) maonyo makali, na katika Muslim imekuja kuwa mwenye kumwendea na kumwuliza hazikubaliwi sala zake siku 40. Kuchinja kwa ajili ya pepo ni shirki isiyo shaka. Ama kumsomea mgonjwa Kur'ani na dua zilizothubutu, na mwenyewe kujisomea, hilo ni sunna njema, na mahali pake ni kando ya kitanda cha hospitali kama palivyo nyumbani. Mabedui walimwuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute dawa, akawaamuru watafute, akaeleza kuwa kila maradhi yana dawa ila uzee. Usomaji na kisu havigombani, wanaogombana ni watu.

Yako pia maumivu. Tumesikia wazee waliomzuia mgonjwa wao mofini, ile dawa ya majimaji ya kunywa ya kutuliza maumivu makali, wakisema ni kileo, au kwamba itamwondoa akili asiweze kutamka shahada. Wanavyuoni wa madhehebu yetu walikwisha kuruhusu, tangu zamani, kunywesha cha kuondoa fahamu pale inapobidi kukata kiungo kilicholiwa na ugonjwa, basi dawa inayopimwa na daktari kwa matone kadiri ya haja haina neno. Nayo ikipimwa vizuri haiondoi akili. Mara nyingi humwezesha aliyekuwa akigaragara kukaa, akasali, akazungumza na wanawe. Wako wauguzi wa kazi hiyo hasa, katika nyumba ziitwazo hospisi. Ile ya Nairobi ilianza mwaka 1990, na pwani kwetu pia iko. Watu hutoa mfano wa Urwa bin Zubair, ambaye wanahistoria wamesimulia kuwa mguu wake ulikatwa kwa ugonjwa wa kula nyama naye akakataa kinywaji cha kumpoteza fahamu. Ni kweli wamesimulia. Lakini Urwa alijichagulia mwenyewe. Hapana aliyesimama kitandani pake akamchagulia subira.

Sasa tumfikie mama mtu na machozi yake. Shoga zake wamekosea. Nabii Yaakub (a.s.) alihuzunika juu ya mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na Mwenyezi Mungu ametueleza habari hiyo pamoja na kueleza subira yake njema, katika sura hiyo hiyo moja. Alilolifanya ni kumshitakia Mola wake huzuni yake badala ya watu, na papo hapo akawaagiza wanawe waende wakatafute wala wasikate tamaa. Huzuni, dua, na kutafuta, yote matatu katika mtu mmoja na kwa wakati mmoja. Na Mtume wetu (s.a.w.) alifiwa na watoto wake wote isipokuwa Fatima, na watatu katika hao, Ruqayya, Zainab na Umm Kulthum, walikuwa wanawake wazima walioolewa. Anas bin Malik amepokea, katika Bukhari, kuwa alimwona ameketi kando ya kaburi la binti yake na macho yake yakitiririka machozi. Lililokatazwa ni kupiga mayowe na kujipiga mashavu na kurarua nguo na kusema maneno ya kumghadhibisha Mola. Ama mama anayelia akikuna nazi, aacheni alie. Bora mmoja wenu amshike mkono, au amtwalie mbuzi amkunie.

Na habari ya Ruqayya (R.A.) ina mafunzo zaidi ya hayo, nasi twaona haisomwi vya kutosha katika miji yetu. Jeshi la Waislamu lilipotoka kwenda Badri, mwezi wa Ramadhani mwaka wa pili wa Hijra, Ruqayya alikuwa mgonjwa. Mtume (s.a.w.) alimwamuru Uthman, mume wake, abaki Madina amwuguze, akamwambia kuwa atapata ujira na fungu la ngawira sawa na aliyehudhuria vita. Badri! Siku ambayo Waislamu walikuwa kiasi cha 300 na kidogo zaidi, na kila mtu mmoja alihitajiwa. Naye Ruqayya akafa, na habari ya ushindi ikafika Madina wakati watu wako kaburini pake. Basi kuuguza si kazi ya wanawake tu, wala si kazi ndogo ya pembeni ambayo mwanamume huipitia akienda msikitini. Baba anayekosa baraza kwa kumbadilishia mwanawe shuka, na kaka anayefunga duka saa 8 ampeleke nduguye kutiwa dawa, wako katika jambo lililopimwa kwa Badri.

Yafuata hapa la fedha, kwani ndipo panapoharibika udugu. Katika madhehebu ya Shafii, mtoto mtu mzima aliye fukara na asiyeweza kuchuma kwa sababu ya maradhi, nafaka yake hurudi kwa baba yake mwenye uwezo. Basi kumlisha mwanao sasa si hisani, ni wajibu wako. Kwa sababu hiyo hiyo huwezi kumpa zaka yako katika fungu la mafukara, kwa kuwa utakuwa umejilipia wajibu wako mwenyewe. Lakini akiwa na deni la hospitali yaweza kumfikia katika fungu la wadaiwa, na ndugu zake, ambao nafaka yake haiwalazimu, waweza kumpa zaka zao na wakapata ujira wa sadaka na wa kuunga udugu. Na asiyejiandikisha katika bima ya afya ya serikali, ambayo tangu Oktoba 2024 iko chini ya SHA baada ya NHIF kuondoka, ajiandikishe kabla ya kuanza kupitisha bahasha. Na lau mgonjwa angelikuwa binti aliyeolewa, tungelikuta ugomvi tuujuao: mume asema “mchukueni kwenu,” na baba asema “mke ni wako.” Ni kweli vitabu vya zamani havikumlazimisha mume gharama ya tabibu. Lakini mume amerishwa na mke huyo miaka yote jikoni pake, na Kur'ani yaamrisha kukaa nao kwa wema, nasi hatujui wema gani wa kumrudisha mtu kwao pindi anapougua kama chombo kilichovunjika.

Katika mambo ya kila siku tutasema machache. Akipasuliwa huenda akatengenezewa mfuko wa choo ubavuni, wa muda au wa daima. Sala haimwondokei. Hukumu yake ni ya mwenye hadathi isiyokatika: auangalie mfuko wake, atawadhe baada ya kuingia wakati, asali faradhi yake bila ya kuchelewa, kila faradhi na udhu wake. Asiyeweza kusimama akae, asiyeweza kukaa alale kwa ubavu, kama alivyoambiwa Imran bin Husain. Na akizidiwa, kukusanya sala mbili kwa ajili ya ugonjwa ni kauli ambayo Imam Nawawi mwenyewe ameipa nguvu. Funga ataiacha atakapokatazwa na tabibu mwaminifu, alipe akipona, na akiwa hana matumaini ya kupona atoe kibaba cha chakula kwa kila siku.

Dawa zenyewe hutiwa kila baada ya wiki mbili au tatu, na siku chache baada yake harufu ya samaki anayekaangwa yaweza kumtapisha. Mpikieni mbali naye, mumpe kidogo kidogo, wala msimlazimishe kula, kwani hilo nalo limekatazwa katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa akiagiza mgonjwa afanyiwe talbina, nao ni uji mwepesi wa shayiri, akisema umemsikia Mtume akiusifu kuwa hupumzisha moyo wa mgonjwa. Baadhi ya dawa za utumbo humfanya mtu asiweze kushika wala kunywa cha baridi, basi mgeni asichukie sharubati yake ya barafu ikirudishwa. Na wageni wapunguze kukaa. Mwenye kuzuru mgonjwa aingie, amwombee, atoke. Si adabu kumtajia wale wote waliokufa kwa ugonjwa wake.

Watoto wake nao waambiwe kwa maneno yao kuwa baba ni mgonjwa na anatibiwa. Waende chuoni na skuli kama kawaida, na akiwa na nguvu yeye ndiye awasikilize juzuu yao, si babu yao. Kazi ya ubaba aliyoweza kuifanya asinyang'anywe.

Limebaki la arusi. Hapana katika sharia linalowataka muivunje, wala hatuoni vyema binti akae akingoja kupona au kufa kwa nduguye. Mwulizeni mgonjwa mwenyewe, naye baada ya kuelezwa hali yake atajua la kusema. Angalieni siku isiangukie baina ya siku ya 7 na ya 14 baada ya kutiwa dawa, kwani ndipo damu yake huwa dhaifu wa kupigana na maradhi madogo ya watu. Ikibidi, walima uwe kwa jirani, na mwenye mafua asiingie chumbani. Na baba ndiye walii, kwa hivyo ndugu yaweza kuwa shahidi: akidi na ifungwe humo chumbani, madirisha yakiwa wazi, naye mgonjwa awe mmoja wa mashahidi wawili.